Kaka anamtesa mama mzazi: je, sheria ya dhuluma za nyumbani inamlinda mzee?

Swali: Mama yangu ana miaka 74 na ni mjane. Tangu apatwe na kiharusi, upande wake wa kulia haufanyi kazi na maneno humtoka kwa shida. Anaishi katika nyumba yake mwenyewe kijijini pamoja na kaka yangu wa miaka 41. Kaka ndiye anayeshika kadi ya benki ya mama na simu yake. Majirani wananiambia humfungia ndani kutwa nzima, na nilipomtembelea mwezi uliopita nilimkuta na alama za vidole kwenye mkono. Nilienda kituo cha polisi nikaambiwa sheria ya dhuluma za nyumbani ni ya mume na mke, na kwamba ya mtoto na mzazi yapelekwe kwa wazee wa ukoo. Mimi ni bintiye, naishi Nairobi. Je, ni kweli? Na kama si kweli, naanzia wapi?

Jibu: Pole sana, dada, na umfikishie mama pole zetu. Uliyoambiwa kituoni si kweli. Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 haimdai anayeomba ulinzi cheti cha ndoa. Inauliza mambo mawili: huyu anayemdhulumu ni nani kwake, na amemtendea nini. Kwa mama yako majibu yote mawili yamo ndani ya sheria yenyewe. Nitakutajia vifungu ili ukirudi kituoni uwe navyo mkononi.

Kifungu cha 4 kinaeleza uhusiano wa nyumbani. Ndoa imo, ndoa iliyovunjika imo, uchumba umo, waliozaa pamoja wamo. Lakini wamo pia watu wanaoishi katika nyumba moja, na wamo watu wa familia. Kifungu cha 5 kinaendelea kusema mtu wa familia ni nani, na hapo wanatajwa waziwazi mwana au binti aliye mtu mzima, mzazi, ndugu wa kuzaliwa, na jamaa mwingine yeyote ambaye kwa hali ilivyo anastahili kuhesabiwa hivyo. Kaka yako ni mwana mtu mzima, mama ni mzazi, na wanalala chini ya paa moja. Wanaingia kwa milango miwili.

Kinachowapotosha watu, na hata baadhi ya maafisa, ni kwamba sheria hii haina sura maalumu ya wazee wala ya watu wazima wasiojiweza. Mtu akitafuta neno "mzee" na asilione huhitimisha kwamba mzee ameachwa nje. Ukweli ni kwamba ulinzi unapitia kwenye uhusiano, na umri au ulemavu huingia baadaye, pale hakimu anapopima ukubwa wa hatari na aina ya amri inayofaa. Umri wenyewe umeshughulikiwa na Katiba. Kifungu cha 57 kinaitaka Serikali ihakikishe wazee wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo ya kutosha kutoka kwa familia na Serikali. Kifungu cha 260 kinamhesabu kuwa mzee mtu aliyepita miaka 60. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inamtambua mwathiriwa anayehitaji msaada wa pekee kwa sababu ya umri au ulemavu. Vyote hivi vitajwe katika ombi lenu, lakini mlango wa kuingilia ni vifungu vya 4 na 5.

Aliyotendewa mama yana majina katika sheria

Kifungu cha 3 ndicho kinachosema dhuluma ni nini. Kupiga kumo, lakini ni kimoja tu katika orodha ndefu: vitisho, matusi, kuumiza hisia na akili, kuharibu mali, kusumbua, dhuluma ya kiuchumi, kumnyima mtu matumizi ya vitu na sehemu za nyumba anamoishi, na mwishoni kitendo kingine chochote kinachodhuru usalama, afya au ustawi wa mtu. Kipengele hicho cha mwisho ni muhimu mno kwa wagonjwa na wazee, kwa sababu ndimo panapoingia kutelekezwa: kuachwa bila chakula, kunyimwa dawa, kulazwa kwenye kitanda kilichoroa mkojo hadi ngozi ioze.

Kumfungia mama ndani kunaingia hapa, hata kama kaka atasema alikuwa anamkinga asianguke. Mtu anayemkinga mgonjwa wa kiharusi asianguke humwachia maji karibu, humwekea kitu cha kujisaidia na humwomba jirani achungulie. Mlango uliofungwa kwa nje tangu asubuhi, mtu asiyeweza kutembea ndani, na hakuna maji ya kunywa: hilo ni jambo la kumweleza hakimu kama lilivyo, kwa saa na siku.

Kadi ya benki na simu ni dhuluma ya kiuchumi. Sheria inaitaja kuwa ni pamoja na kumnyima mtu, bila sababu ya haki, fedha anazostahili au anazozihitaji kwa mahitaji ya lazima kama vitu vya nyumbani na matibabu. Kushika kadi peke yake hakutoshi, kwa kuwa mgonjwa asiyeweza kwenda benki lazima atume mtu. Dhuluma inaonekana fedha zinapotoka na mahitaji yake hayaonekani. Kwa hiyo usiishie kwenye kusema "anakula pesa za mama". Weka pamoja taarifa ya benki ya miezi 6 na orodha ya dawa ambazo kliniki imeandika na hazijanunuliwa. Karatasi hizo mbili zikikaa bega kwa bega zinasema zaidi ya kurasa 10 za malalamiko.

Tena sheria inakubali kwamba tendo moja linaweza kutosha, na kwamba matendo madogo madogo, ambayo kila moja peke yake lingeonekana jambo dogo, yakijumlishwa yanaweza kuwa dhuluma. Dhuluma dhidi ya mzee mara nyingi huja kwa sura hiyo ya pili. Chukua daftari leo uanze kuandika: tarehe, saa, kilichotokea, aliyeona. Jirani aliyeona kwa macho yake aandike yake mwenyewe. Uliyosimuliwa wewe ukiwa Nairobi hayana uzito kama ya jirani aliyesimama dirishani.

Kabla ya karatasi yoyote, zungumza na mama

Mama ni mtu mzima. Kusema kwa shida hakumaanishi kwamba akili imeondoka. Kiharusi kinaweza kuharibu sehemu ya ubongo inayotoa maneno na kuacha ufahamu ukiwa mzima kabisa, na wagonjwa wa namna hii ndio wanaoumia zaidi watu wanapoamua mambo yao mbele yao kama vile hawapo. Hamna haki ya kumfungulia kesi mtu mwenye akili timamu asiyeitaka, hata kama nia yenu ni njema.

Mpate peke yake, mbali na kaka. Muulize maswali ya ndiyo na hapana, moja moja, naye ajibu kwa kichwa au kwa kukubana mkono. Je, anaogopa? Anataka kaka aondoke, au anataka aache kumpiga lakini abaki? Anataka fedha zishikwe na mtu mwingine? Wazazi wengi hukataa neno "polisi" lakini hukubali neno "amri ya kumzuia asinipige tena", na sheria hii inaruhusu njia hiyo ya pili. Rudia maswali siku nyingine. Jibu likiwa lile lile mara mbili, una msingi.

Kisha mwombe daktari anayemtibu aandike barua inayosema kama mama anaelewa anachoulizwa na anaweza kufanya uamuzi kuhusu makazi, matunzo na fedha zake. Barua hiyo itawaokoa, kwa sababu jambo la kwanza ambalo upande wa kaka utasema ni kwamba mama hajui kinachoendelea na ni wewe unayemsemea.

Daktari akisema mama haelewi tena, au anaelewa lakini hawezi kufika mahakamani kwa ugonjwa au kwa hofu, sheria ya 2015 inaruhusu mtu mwingine alete ombi kwa niaba yake kwa idhini ya mahakama. Hapo wewe unaweza kuwa mwakilishi wake, mradi ueleze katika kiapo kwa nini yeye hawezi na matakwa yake ni yapi kwa kadiri mlivyoyajua. Usimamizi wa mali yote ya mtu aliyepoteza uwezo wa akili ni shauri jingine, hupelekwa Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili, na halitolewi katika ombi la ulinzi. Msichanganye.

Hospitali na polisi

Mama apelekwe kutibiwa kwanza, hata kama alama zimeanza kufifia. Atakayempeleka asiwe kaka. Kosa linaloharibu kesi za wazee kuliko mengine ni hili: anayempiga ndiye anayempeleka hospitali, anajibu maswali kwa niaba yake, na kwenye faili linaandikwa "alianguka". Faili hilo litasomwa mahakamani.

Mwambieni daktari au afisa wa kliniki aandike mahali jeraha lilipo, ukubwa wake na umbo lake. Ngozi ya mzee huvilia damu upesi, na wakili wa upande wa pili atalitumia hilo. Lakini anayeanguka kwa kawaida huumia kwenye mifupa iliyochomoza: goti, kiwiko, paji la uso, nyonga, kiganja alichojikinga nacho. Alama kwenye upande wa ndani wa mkono wa juu, shingoni, nyuma ya sikio, au mikono yote miwili kwa umbo la vidole vilivyokamata, hazielezeki kirahisi kwa kuanguka. Waombe pia wapime uzito wake, waangalie kama ana upungufu wa maji mwilini, na waandike vidonda vya kulalia kama vipo. Uzito wa leo ukilinganishwa na ule wa kliniki ya mwaka jana ni ushahidi.

Baada ya hapo nendeni kituoni. Ombeni dawati la jinsia. Msikubali kuondoka bila nambari ya OB, yaani nambari ya taarifa yenu katika kitabu cha matukio. Kisha chukueni fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ya majeraha, ambayo daktari ataijaza kwa kutegemea kumbukumbu za matibabu. Kama kuna dalili yoyote ya dhuluma ya kimapenzi, na wazee hawajasalimika na hilo, mama afike hospitali ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia HIV, na ijazwe pia fomu ya PRC, yaani ile ya matibabu baada ya kubakwa.

Kifungu cha 6 kinampa polisi anayepokea malalamiko kazi maalumu: kumweleza mlalamishi nafuu zilizopo, ikiwa ni pamoja na makao salama na matibabu, na kumweleza haki yake ya kuomba amri ya mahakama na ya kufungua malalamiko ya jinai. Mlalamishi anaweza pia kuomba kuhudumiwa na afisa wa jinsia yake. Afisa akirudia maneno ya mume na mke, mwambie kwa heshima: "Afande, naomba tuangalie kifungu cha 5, mwana mtu mzima na mzazi wametajwa." Akikataa kuandika, muone mkuu wa kituo. Akikataa naye, lalamikeni kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Mama akiwa hatarini saa hiyo hiyo, pigeni 999 au 112. Nambari 1195 ni ya bure na hupokea taarifa za dhuluma za kijinsia na za nyumbani usiku na mchana.

Jinai ina njia yake na inaweza kwenda sambamba na ombi la ulinzi. Kushambulia na kujeruhi ni makosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Wengi hawajui kwamba kanuni hiyo hiyo, kifungu cha 216, inamwekea mtu anayemtunza mwingine asiyejiweza kwa umri au ugonjwa wajibu wa kumpatia mahitaji ya lazima ya uhai. Akiyaacha bila sababu halali, na uhai wa mgonjwa ukawa hatarini au afya yake ikaelekea kuharibika kabisa, kifungu cha 239 kinalifanya kosa. Kifungu hiki hutumika kidogo kuliko inavyostahili. Kitajeni katika taarifa.

Kaka akishtakiwa na kuomba dhamana, mwambieni kiongozi wa mashtaka mapema kwamba mama anaishi naye. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa inampa mwathiriwa haki ya kutaka usalama wake uzingatiwe masharti ya dhamana yanapowekwa. Bila kusemwa, kaka ataachiliwa adhuhuri na jioni awe amerudi kwenye kitanda kilicho chumba cha pili.

Amri ya ulinzi: jinsi ya kuiomba na mahali inapokwama

Ombi hupelekwa katika mahakama ya hakimu. Linabebwa na hati ya kiapo, na hati hiyo ndiyo moyo wa shauri. Iandikwe kwa sauti ya mama kama ndiye mwombaji, kwa mpangilio huu: mimi ni nani, mlalamikiwa ni nani kwangu na tunaishi wapi, tukio la karibuni kabisa, kwa tarehe, matukio ya nyuma, kwa kifupi, hali ya afya yangu na kwa nini siwezi kujikinga wala kukimbia, naogopa nini kitatokea mahakama ikichelewa, naomba amri zipi. Nyuma yake fungeni nakala za OB, P3, barua ya daktari, picha na taarifa za benki. Picha na ujumbe wa simu viambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: nani alipiga picha, kwa kifaa gani, zilichapishwaje. Bila cheti hicho picha nzuri kabisa inaweza kukataliwa.

Mama akiweka alama ya kidole gumba badala ya sahihi, lazima kamishna wa viapo aandike chini ya kiapo kwamba maelezo yalisomwa kwake kwa lugha anayoielewa na akaonyesha kuyakubali. Sentensi hiyo moja huachwa mara nyingi, na kiapo kizima kikaanguka. Mama akihitajika kutoa ushahidi, ombeni asaidiwe na mtu wa kati anayeuelewa usemi wake. Kifungu cha 50(7) cha Katiba kinairuhusu mahakama kumpa mlalamishi msaidizi wa namna hiyo.

Kwa hatari ya sasa, ombeni amri ya muda itolewe kabla ya kaka kusikilizwa, mkieleza kwamba kumsubiri kunaweza kuleta madhara. Hakimu akiridhika huitoa, kisha kaka huitwa aje ajitetee. Kipimo ni kile cha madai ya kawaida: ipi kati ya hadithi mbili ina uzito zaidi. Hakitakiwi kile kiwango cha juu cha jinai.

Amri yenyewe inaweza kumkataza kaka kumpiga mama, kumtisha, kumsumbua, kuharibu mali yake, au kuwatuma wengine wayafanye hayo. Inaweza kumtoa ndani ya nyumba au kumzuia asiingie sehemu fulani ya nyumba. Mahakama pia ina uwezo wa kuamuru fidia kwa majeraha, uharibifu na hasara ya fedha. Ombeni kwa undani: "arudishe kadi ya benki, laini ya simu na kitambulisho kupitia kituo cha polisi ndani ya siku 2" ni ombi linaloweza kutekelezwa. "Aache kunidhulumu" peke yake ni maneno mapana ambayo kila mtu atayatafsiri kivyake.

Kaka atasema hapo ni kwao na hawezi kufukuzwa. Nyumba ni ya mama. Urithi haujazaliwa mwenye mali akiwa hai, na Sheria ya Urithi hufungua mlango wake siku ya kifo. Kuna tahadhari moja ya kweli: ikiwa shamba ni la ukoo, huenda akadai amana ya kimila, yaani kwamba mama ameishika ardhi hiyo kwa niaba ya ukoo, na mahakama zetu zimekubali kwamba madai ya aina hiyo yanaweza kuwapo hata pale hati ina jina la mtu mmoja. Madai hayo yana mahakama yake, ya Mazingira na Ardhi. Hayampi mtu ruhusa ya kumkaba mwenye hati.

Na kwa sababu hiyo hiyo, dada, usitie neno la shamba la urithi katika kiapo cha mama. Ukiandika mstari mmoja kuhusu nani atapata nini, kaka atasema kesi yote ni vita vyenu wawili vya ardhi, na hakimu atakuwa na sababu ya kumsikiliza. Kama mnahofia shamba litauzwa, shughulikieni kando: chukueni taarifa rasmi ya usajili kujua kama jina bado ni la mama, kisha mwandikieni msajili wa ardhi mkiomba katazo chini ya kifungu cha 76 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ambacho kinamruhusu kuzuia miamala ili kukinga ulaghai.

Amri ikishatoka, kazi imefika nusu. Lazima ikabidhiwe kwa kaka na ithibitishwe kwa kiapo kwamba alikabidhiwa, la sivyo atasema hakujua. Nakala moja ipelekwe kituo cha karibu na mpate jina la afisa aliyeipokea, nyingine kwa chifu, nyingine abaki nayo jirani mnayemwamini. Kuivunja amri ni kosa la jinai lenye faini au kifungo, lakini afisa wa zamu saa 5 usiku hawezi kuitekeleza karatasi ambayo hajawahi kuiona.

Hata hivyo, maombi mengi ya wazee hayaangukii kwenye sheria. Yanaangukia jikoni. Kaka akitoka, nani atamgeuza mama usiku, nani atampikia, nani atampa dawa ya presha asubuhi? Lisipojibiwa kabla ya kufungua ombi, wiki ya pili mama mwenyewe ataomba kaka arudi, na atakuwa na haki, kwa sababu njaa ni hatari kama kofi. Pangeni mlezi, fedha zake na anayemsimamia kabla hamjaingia masijala. Kama kaka hana ukatili wa makusudi ila amechoka kwa miaka ya kumlea mgonjwa peke yake huku wengine mko mbali, hilo nalo liangalieni kwa unyofu. Halifuti alama za vidole, lakini linaweza kubadilisha amri mtakayoiomba: labda aondolewe kwenye fedha na matunzo bila kuondolewa kwenye boma.

Fedha, leo leo

Hili halisubiri mahakama. Mama aende benki na kitambulisho chake, afunge kadi ya zamani na kuchukua mpya kwa nambari mpya ya siri. Asipoweza kusafiri, mwandikieni meneja na mwombe afisa wa benki amtembelee. Laini ya simu ibadilishwe nambari ya siri ya M-Pesa, na muombe taarifa ya miamala kutoka Safaricom. Kama mama anapokea Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi ya wazee wa miaka 70 na zaidi, na kaka ndiye mlezi aliyeandikishwa kuichukua, nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo mkaombe mlezi abadilishwe. Bebeni nambari ya OB.

Wazee wa ukoo, chifu, na neno "mchawi"

Kikao cha wazee kinaweza kusaidia kupanga nani atamtunza mama na nani atachangia kiasi gani. Hakiwezi kutoa amri ya ulinzi, na chifu pia hawezi. Msikubali kikao kiwekwe badala ya matibabu au OB, kwa sababu kila wiki inayopita kwenye vikao inafuta alama mwilini.

Na msikilize kwa makini maneno yanayosemwa nje ya kikao. Mzee mwenye shamba akianza kuitwa mchawi na watoto au wajukuu, hali imekuwa ya hatari ya kufa. Kaunti ya Kilifi imepoteza wazee kwa njia hiyo, na huko Ganze kipo kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi waliotuhumiwa. Kumtuhumu mtu uchawi hadharani ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, na kwa jamaa ni vitisho na dhuluma ya kiakili chini ya sheria ya 2015. Ukisikia neno hilo kuhusu mama, mhamishe siku hiyo hiyo, halafu mengine yafuate.

Kwa wanaosoma na hali yao haifanani na hii: mke wa mwana anayemtesa mama mkwe, mjukuu, mpwa, au ndugu anayemdhulumu ndugu mwenye ulemavu wa akili, wote huingia kwa mlango wa familia au wa nyumba moja. Mlezi wa kuajiriwa ni mgumu zaidi, kwa kuwa atasema uhusiano ni wa kazi tu. Anzeni na jinai na vifungu vya 216 na 239, na mwondoeni kazini. Makao ya wazee si nyumba ya familia. Huko njia ni polisi na idara ya maendeleo ya jamii.

Wakili hana lazima, ila akiwepo ni bora. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, pamoja na FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, huwasaidia wasio na uwezo. Nenda kwao ukiwa umebeba bahasha moja yenye nakala za kitambulisho cha mama, kumbukumbu za matibabu, P3, nambari ya OB, barua ya daktari, taarifa ya benki ya miezi 6 na lile daftari. Mama akibadili nia baadaye, anaweza kurudi mahakamani kuomba amri ya ulinzi ibadilishwe au iondolewe. Kesi ya jinai ikishafika mbele ya hakimu ni tofauti: mama anaweza kuomba kuiondoa, lakini hakimu lazima aridhike na sababu. Mwelezeni hilo kabla hajaandikisha taarifa, aingie akijua.